Jozi Moja

Ufunguo umo ndani ya kiatu cha mbao, alisema kwenye simu,
kiatu utakiona.
Hakuongeza. Clarisse Vuillet si mtu wa maneno,
na trekta lilikuwa likinguruma nyuma ya hayo machache.

Nilifika jioni, Oktoba, mvua imekatika,
bonde la Isère limefura ukungu kama maziwa yanayokaribia kumwagika,
na juu yake majabali ya Vercors, meupe,
kama mashahidi waliofika kabla ya kesi.

Kibanda zamani kilikuwa cha kuanikia jozi.
Mbao za kuta zimeachana kidogo, kwa makusudi,
upepo upite bila kubisha hodi.
Sasa mna jiko la kuni, beseni, taa ya mafuta,
vitanda viwili.

Nililipia viwili. Mwezi wa nne nilimwandikia Noémie:
njoo tutembee, nyumba ya mama hatutaitaja.
Hakujibu.
Sikuifuta nafasi yake.

Juu ya kila mto, jozi moja.

Usiku ule sikusikia gari, wala redio, wala mbwa.
Jozi tu, juu ya bati.
Haziporomoki kwa pamoja. Huanguka moja,
kimya,
kimya mpaka useme zimekwisha,
halafu moja.
Nililala nikisikiliza kama mtoto
anayehesabu nyayo za mtu ngazini.

Asubuhi nikafuata alama za njia, nyekundu na nyeupe,
zilizopakwa kwenye mawe na magome na mara moja
kwenye mlango wa zizi.
Saa tatu za kupanda. Buti zangu zilikuwa zikisemezana,
la kushoto likiuliza, la kulia likisema twende.
Juu kabisa nikakaa, nikala mkate na jibini,
nikatazama chini: mijozi safu kwa safu
kama kichwa kilichosukwa na mtu mwenye subira,
na kati ya mti na mti, nafasi.
Mjozi hautaki jirani. Mizizi yake humnyima.

Siku ya pili mashine ya kutikisa miti iliharibika.
Clarisse akagonga. Una mikono?
Akanipa kapu.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Wakipatana, chukua kapu ukavune.
Nami nimekwisha shika kapu, nimeinama kwenye majani mabichi,
na hakuna aliyepatana na yeyote.
Tuliokota mpaka mchana. Maganda yakanipaka vidole weusi
ambao sabuni haiutoi, wala limau, wala chumvi.

Kitanda cha pili ni cha nani?
Cha dada yangu.
Atakuja?
Nikaokota tatu, nne, kabla ya kusema sijui.

Akachukua jozi mbili, akazifumbata kiganja kimoja, akakaza.
Kraa.
Akasema: ikiwa peke yake haivunjiki hivi, hata uwe na mkono wa mhunzi.
Lazima ziwe mbili. Na ikivunjika, huvunjika moja tu.
Ipi?
Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.
Hujui mpaka ufungue mkono.
Akanipa iliyovunjika, tukagawana. Ilikuwa mbichi bado,
tamu, na uchungu wa ngozi nyuma yake.
Ile nzima akairudisha kapuni bila kuiangalia.

Nilitaka kumwambia kwamba miaka sita nimeamini ni mimi.
Kwamba niliyevunjika ni mimi, na yeye hana hata mkwaruzo.
Lakini trekta likawaka.

Siku ya kuondoka nilikunja shuka zangu.
Cha pili nilikiacha kilivyotandikwa.
Jozi yake mfuko wa kulia, yangu wa kushoto,
na mpaka stesheni sikuzikutanisha.

Treni ilichelewa dakika arobaini.
Ng'ambo ya barabara, posta ilikuwa wazi.
Karani alitazama vidole vyangu, akatazama kisanduku kidogo nilichonunua,
akauliza kama ni kitu cha kuvunjika.
Nikasema hapana,
kikiwa peke yake, hapana.